Kadi ya Bata Wawili

Doha, 19 Januari 2024

Mdogo wangu Twaha,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wifi yangu Chelsea. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Goti la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi, lakini hotelini kuna lifti ya wafanyakazi, basi siku nyingi nalisahau. Nyumbani Tanga wote wazima. Ile nyumba ya wazee imepata mpangaji, fundi cherehani, na cherehani yake ameiweka chumba alichofia mama. Wengine walinuna. Mimi nilifurahi kusikia chumba kile kina kelele tena.

Kerubo anakusalimu. Ni yule Mkenya ninayekaa naye chumba kimoja hapa Al Thumama, anayehudumia wazee majumbani. Ananicheka. Jana kaniona na kalamu akasema, "Dada Arafa, ati barua? Si umtumie sauti kwa simu kama watu wengine?" Nikamwambia kwenye simu wewe unasema uko poa, mimi nasema niko poa, kisha kila mmoja anamsikiliza mwenzake akitafuna. Kwenye barua hakuna pa kutafunia.

Asante kwa kadi uliyotuma shemeji yako Shomari alipotangulia mbele ya haki. Najua nimechelewa kushukuru, ni mwezi wa tano sasa. Karatasi yake nzuri, na lile ziwa na wale bata wawili. Maneno ya ndani Kerubo alinisomea: katika wakati huu mgumu mawazo yetu yako pamoja nanyi. Nikamuuliza hao wenye mawazo ni akina nani, maana yamepigwa chapa. Akasema ndivyo zinavyoandikwa. Chini nimeona jina lako na la Chelsea. Nimeibandika ukutani juu ya kitanda. Mgeni mmoja aliiona akadhani ni ya Krismasi.

Sasa hilo la kuniita huko Kanada. Umesema umeshaanza kushughulikia karatasi, nami nimekubali kulifikiria, na kwa kuwa nalifikiria nimejiunga na darasa. Usicheke. Yupo Mkenya mmoja, Kioko, fundi wa kompyuta, kila Ijumaa baada ya sala anafundisha mambo ya Kanada katika chumba kilicho juu ya duka la mshona mabaibui, Al Sadd. Tuko walinzi, madereva, wauguzi, na mimi wa mashuka. Yeye mwenyewe Kanada hajafika, ila ana binamu Toronto, na binamu huyo zamani alikuwa akipokea simu zake.

Somo la kwanza lilikuwa kuomba radhi. Alitupanga mistari miwili, tukapishana tukigongana mabega. Aliyegongwa ndiye anayesema samahani. Mlinzi mmoja Mganda akauliza, "Na aliyegonga?" Kioko akasema, "Huyo pia anasema sorry. Mnasema hadi mmoja achoke." Twaha, mimi hapa nimeomba radhi miaka mingi, lakini huku huwa kuna sababu.

Somo la pili, salamu. Mtu akikuuliza habari yako, unasema nzuri na unaendelea kutembea. Goti hulitaji. Nikanyoosha mkono, nikasema kama hataki kujua mbona anauliza. Kioko akanitazama kwa huruma. "Mathe, hilo si swali. Hiyo ni honi."

Yote hayo nitajifunza. Linalonizuia ni moja, na wewe unalijua. Ijumaa asubuhi huwa nakwenda Abu Hamour. Makaburini siingii, wanawake haturuhusiwi, nasimama nje ya ukuta, upande ninaoamini yupo Shomari, nasoma Fatiha, namweleza habari za wiki. Mlinzi wa pale, Mnepali, siku za mwanzo alikuja kuniambia kwa upole kwamba basi halisimami hapo. Nikivunja mkataba, kibali cha kukaa Qatar kinafutwa, na kurudi sijui lini. Sasa nani atasimama pale?

Unakumbuka alivyokuwa akimenya chungwa, ganda lote likatoka ukamba mmoja, halafu akalining'iniza kwenye kioo cha gari mpaka likauke? Gari walimpa dereva mwingine. Nilipokwenda kuchukua vitu vyake niliyakuta maganda mawili.

Msalimie sana wifi.

Dada yako,
Arafa


Edmonton, 17 Februari 2024

Dada Arafa,

Shikamoo. Barua yako imefika, imepigwa mihuri mingi kuliko pasi yangu. Mimi mzima. Chelsea anakusalimu sana, yuko kazini, ndiyo maana hakuandika chochote. Kazi ghalani inaendelea, wamenipa zamu ya mchana, sasa naona jua kupitia mlango wa malori.

Mwalimu wako si mwongo sana. Radhi ni kweli, mimi nimeshaiomba milango. Lakini hajawaambia kuhusu gari. Huku gari linachomekwa kwenye umeme kama pasi ya nguo, waya umetoka puani, usiku kucha, la sivyo asubuhi haliwaki kwa baridi. Mwezi wangu wa kwanza nilipoona nyumba zote zina magari yamefungwa waya, nilidhani mtaa mzima una deni la benki.

Amewafundisha "ee"? Watu wa huku husema jambo, kisha mwishoni wanaweka "ee" wakukubalishe. Baridi leo, ee? Nami namjibu, ee. Tunaweza kwenda hivyo mpaka dukani. Kofia ya sufi ina jina lake, tuki. Ukiiita kofia watakuelewa, ukiiita tuki watakupenda. Na kahawa yenye maziwa mara mbili na sukari mara mbili ina jina lake pia. Mimi niliagiza hiyo mwaka mzima hata siku nilizotaka chai, kwa kuwa ndiyo niliyoweza kuitamka bila kuulizwa mara ya pili.

Leseni ya udereva ya kwanza nilishindwa, sikuwahi kukwambia. Nilipoingia garini na mtahini, nilivua buti. Unajua shemeji Shomari alivyonifundisha nilipokuwa kwenu, pale Al Thumama, bila viatu, ili mguu uijue klachi. Mtahini akasema, "Samahani, unafanya nini?" Nikamwambia najiandaa kuendesha. Akaomba radhi, akaandika, akaomba radhi tena, akaninyima.

Jirani yangu ni mzee Douglas, mstaafu wa reli, na mkewe Pamela. Sheria ya mji ni kwamba njia ya waendao kwa miguu mbele ya nyumba yako uifagie theluji wewe mwenyewe, ukizembea unatozwa. Majira ya kwanza ya baridi nilichelewa kuamka, nikakuta Douglas ameshafagia upande wangu. Nikaona aibu. Kesho yake niliwahi, nikafagia wangu na wake. Kesho kutwa akawahi zaidi. Ni vita, dada, mwaka wa nne huu, na sasa sote wawili tunaamka kabla ya muadhini. Tukikutana na koleo mikononi tunazungumza hali ya hewa. Nyumbani kwake sijaingia, wala yeye kwangu. Lakini siku nikiugua, mtu wa kwanza kujua atakuwa yeye, kwa sababu ya njia.

Kuhusu ukuta: kaburi halihami, na dua hufika popote ilikotoka. Shemeji alikuwa mtu mwema. Njoo, dada. Nyumba ni kubwa, vyumba viwili vya juu havina mtu.

Mdogo wako,
Twaha


Doha, 26 Aprili 2024

Mdogo wangu Twaha,

Salamu zikufikie wewe na nyumba yako, na kila aliyemo. Idi ilipita vizuri. Hotelini tulifuturisha wageni mwezi mzima, na mashuka hayajui mfungo, ndiyo maana nimechelewa kukujibu. Kerubo alifunga nami siku mbili kunionea huruma, ya tatu nikamkuta jikoni na andazi. Akasema, "Mimi huyu ni wa kanisa, usinitazame hivyo."

Kicheko cha leseni kilinitoa machozi. Barua nilikwenda nayo ukutani nikamsomea Shomari kile kipande. Mnepali alinikuta nacheka peke yangu, akarudi alikotoka.

Wiki iliyopita tulifanya somo la theluji. Kioko alitupeleka uwanja ulio nyuma ya maduka, penye mchanga, akatupa koleo moja na tuki zake, na jua la huku unalijua limeshakaza. Tukapeana zamu kuhamisha mchanga kutoka upande huu kwenda upande ule, tumevaa sufi. Kila mmoja alipomaliza ilibidi amwambie anayefuata kwamba leo si mbaya sana. Mwanamke mmoja kutoka Mombasa alizimia. Alipozinduka Kioko akamsifu, akasema hata huko watu huanguka.

Kabla ya hapo kulikuwa na somo la msiba. Mtu akifa huko, hamwendi. Unanunua kadi. Anasema madukani zimepangwa kwa aina, za mume, za mama, za babu, mpaka za paka, unachagua yako na maneno yameshaandikwa. Chakula ukitaka kupeleka, unakiacha mlangoni, umeandika jina chini ya bakuli ili lirudi. Wala usilie kumzidi mfiwa. Dereva mmoja wa Pemba akauliza, "Na nani anakaa naye?" Kioko akasema, "Anakaa na kadi." Watu walicheka. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma.

Halafu sheria. Nilimuuliza ndugu anawezaje kumwita dada yake. Akasema njia ni nyembamba. Raia akiwa hana mke wala mtoto, wazazi wamekufa, na nchi nzima hana hata ndugu mmoja, hapo anaruhusiwa kumwita jamaa mmoja tu, yeyote ampendaye. "Na akiwa na mke?" nikauliza. "Akiwa na bibi, hiyo imeisha. Sheria inataka mtu mpweke, mathe. Mpweke kabisa, na karatasi za kuonyesha." Nikawaza, nchi ya ajabu hiyo, upweke una karatasi.

Nilipofika chumbani niliisoma tena barua yako, pale penye jina la Chelsea.

Nilikumbuka ulipokuwa na miaka minne au mitano, ukifanya kosa unaingia chini ya meza ya kulia, ukiitwa unajibu mwenyewe, "Twaha hayupo." Sote tuliiona miguu yako. Mama hakuwa akikutoa. Alikuwa akisema kwa sauti, kama anaongea na ukuta, "Akija mwambieni ubwabwa upo."

Hivyo vyumba viwili vya juu, fungua madirisha mara mojamoja. Chumba kisicho na mtu kinashika harufu.

Dada yako,
Arafa


Edmonton, 15 Juni 2024

Dada Arafa,

Shikamoo. Twaha yupo.

Madirisha nimefungua. Salamu za wengine sina za kuleta, nakuletea zangu tu.

Nina habari ya msiba. Mzee Douglas amefariki, mwezi uliopita. Theluji ya mwisho ilianguka mwanzoni mwa Mei, niliamka mapema kama kawaida, nikafagia upande wangu na wake, nikasubiri nimwone anune. Hakutoka. Niliona gari la wagonjwa limesimama, halina haraka. Nikajua.

Nilikwenda kazini nimechanganyikiwa. Jioni narudi natazama pale, hakuna turubai, hakuna viti, hakuna watu barazani. Gari moja tu la binti yake, nalo likaondoka. Kesho yake vilevile. Dada, nilidhani hawajapata habari. Nilidhani Pamela kwa uzee wake hajui pa kuanzia, na mimi jirani wa ukuta kwa ukuta nimelala. Nikaomba ruhusa kazini, nikawapigia wenzangu wa msikitini, Wazanzibari wawili na Msomali mwenye lori. Akaleta turubai na viti vya arusi. Tukavipanga kwenye majani mbele ya nyumba ya Pamela. Mikeka tukatandika. Sufuria kubwa la pilau tukaliinjika kwa kuni pale anapoegesha gari. Tukavua viatu, tukakaa kimya, macho chini, kama inavyotakiwa.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Huku Jumamosi mtu mwenye vyombo asivyovitaka huvipanga mbele ya nyumba akaviuza. Wakaanza kusimamisha magari. Mama mmoja aliinua kiti akauliza bei. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba kuna msiba. Akasema samahani sana, akakirudisha kiti, kisha akauliza je, sufuria? Jamaa mwingine alimpa yule Msomali dola tano kwa mkeka aliokuwa ameukalia. Msomali akadhani ni rambirambi, akapokea.

Kisha likaja gari la manispaa, mtu fulani wa mtaa alishapiga simu. Afisa kijana, jina lake kifuani Shaun, mpole mpaka unamwonea huruma. Akasema samahani, turubai linahitaji kibali. Samahani, moto wa kuni hauruhusiwi hapa. Samahani, mwenye nyumba amewaalika? Nikamwambia, "Msibani mtu haalikwi." Akaandika hilo. Akauliza mfiwa ni nani wetu. Nikasema jirani. Akauliza tena, kana kwamba hajasikia.

Mlango ukafunguka. Pamela katoka na vazi la kulalia na ndara za manyoya. Sijapata kuogopa namna ile tangu uhamiaji. Akatazama turubai, akatazama pilau, akanitazama mimi. "Twaha, mnafanya nini?"

Kiingereza chote kilinitoka. Nikasema, "Tumekuja kukaa na wewe."

"Kwa muda gani?"

"Siku tatu."

Akaingia ndani akafunga mlango. Shaun akasema samahani. Mzanzibari mmoja akaanza kukunja mkeka wake. Halafu mlango ukafunguka tena, Pamela anaburuta kiti cha bustanini, kile cha Douglas. Akakifikisha ukingoni mwa mkeka, akaviona viatu vyetu vimepangwa, akavua ndara zake. Dada, watu wa huku majumbani huvua viatu mlangoni kama kwetu. Hilo ndilo jambo la kwanza lililonifanya mwaka wa kwanza niamini kwamba ni watu. Akakaa. Akaanza kulia, na hakuna aliyemzidi.

Tukauzima moto mbele ya Shaun, turubai tukalishusha, hakuna aliyebisha. Akasema kwa kuwa sasa hakuna moto wala turubai, haoni ni sheria ipi inakataza watu kukaa kwenye viti. Mzanzibari akampa sahani. Ikabidi aje mkekani, akavua buti, akaomba radhi kwa soksi, maana ilikuwa na tundu.

Tulikaa siku tatu. Siku ya pili majirani walianza kuja na viti vyao, kila mmoja akiuliza kwanza kama anaruhusiwa. Mtaa ule nimekaa miaka minne, siku ile ndipo nilipojua majina yao. Unajua Pamela aliniambia nini? Watoto wamepanga kumkumbuka baba yao mwishoni mwa Agosti, katika klabu ya gofu, kwa sababu ndipo kalenda zao zilipokubaliana. Mpaka Agosti, yeye afanye nini?

Siku ya tatu alinikaribisha ndani kwa mara ya kwanza. Juu ya meko ya umeme amepanga kadi zote. Moja ina ziwa na bata wawili. Niliitazama mpaka chai ikapoa. Pamela akaniuliza kama kuna tatizo. Nikamsifia chai iliyopoa, na hapa pia nakwama.

Akaniuliza jambo jingine, mbona hamwoni mke wangu tangu theluji ile ya mwaka juzi. Hilo nilimjibu. Wewe sina haja ya kukujibu, wewe uliiona miguu.

Mdogo wako,
Twaha


Edmonton, 20 Julai 2024

Dada, shikamoo. Naandika haraka. Karatasi zako zimekubaliwa, wamenijulisha juzi. Una muda mpaka mwisho wa mwaka kuingia. Nimemwambia Pamela, ameshona mapazia ya chumba chako cha juu, ya maua, makubwa mno kwa dirisha. Jumapili anakuja kula kwangu, nami siku nyingine nakula kwake, kabeji nyingi. Mbona kimya? Njoo kabla ya baridi. Twaha.


Doha, 2 Agosti 2024

Mdogo wangu Twaha,

Salamu zikufikie wewe, na Pamela, na yule Shaun mwenye soksi. Kerubo ataipiga picha hii akutumie kwa simu, maana kwa posta haitawahi, nami nataka iwahi. Amenitaka nikwambie kwamba ameisoma barua yako ya msiba mara mbili na bado anataka kujua Msomali alizirudisha zile dola tano.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa sijui nitakalosema. Sasa najua.

Habari ya Douglas niliisimulia darasani. Kioko alishika kichwa. "Huyo ndugu yako ameharibia Waafrika wote jina." Akatuambia huo ndio mfano wa lisilofanywa, tuuandike. Hakuna aliyeandika. Yule dereva wa Pemba akataka nirudie pale mama alipovua ndara. Tulipokuwa tunatoka Kioko alinifuata mpaka kwenye ngazi, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na huyo mathe alikaa kweli? Siku zote tatu?" Nikamwambia alikaa. Akatoa simu akampigia binamu yake, mimi nikiwa bado nashuka. Nilisikia ikiita, ikiita. Ijumaa iliyofuata somo la kadi hakulifundisha.

Twaha, siji. Usinune, nisikilize kwanza.

Ile sheria inamruhusu mtu mpweke. Ulipoanza kunitafutia karatasi ulikuwa hivyo, ingawa kila barua ulinipa salamu za mtu aliyeondoka. Sasa una mwanamke anayekushonea mapazia makubwa mno, na mtaa mzima unaokuja na viti. Ukinileta kwa karatasi za upweke nitakuwa nimewadanganya, na watu wanaoomba radhi namna ile mimi siwezi kuwadanganya, watanionea haya wao.

Huo ni mzaha, lakini si wote.

Ukweli wenyewe ni huu. Shomari yupo ndani ya ule ukuta, na mimi bado sijamaliza kukaa. Wewe hukumwuliza Pamela amebakiza siku ngapi za kulia, ulimwambia tatu kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa, lakini najua unakwenda kwake mpaka leo. Na mimi nakwenda. Najua siku moja mkataba wangu utaisha na itabidi niuache ukuta nirudi Tanga, hakuna anayezeeka Doha. Siku hiyo itakuja yenyewe, sitaki kuifuata. Yule Mnepali sasa ananiwekea kiti cha plastiki kivulini. Anajua sisubiri basi. Juzi alikaa na yeye kidogo, akanionyesha picha ya mkewe.

Mwambie Pamela mapazia asiyatoe. Mkataba ukiisha nitaomba viza ya kutembea, nije mgeni, nipande ngazi zako polepole, akiniuliza habari yangu nimweleze goti lote mpaka mwisho.

Nikwambie na hili, kisha nimalize. Mwaka jana, siku zile tatu za msiba, chumbani hapa tulikuwa mimi na Kerubo. Alikaa nami chini, na mila hazijui, akawa ananishika mguu tu. Nilikuwa natazama mlango. Halafu ikaja kadi. Sikukwambia na sitakwambia zaidi ya hapo. Lakini ulipokaa kwenye majani ya watu, ukaulizwa bei ya sufuria, ukaogopa na hukuinuka, mimi nilihesabu kwamba umekaa kwa Shomari. Wale bata nimewabandua ukutani jana. Nimewatia katika msahafu wake pamoja na lile ganda moja la chungwa ambalo halijavunjika. Palipokuwa na kadi pamebaki peupe, Kerubo anasema tupake rangi.

Mwezi huu Shomari anatimiza mwaka. Na mwishoni mwake ndiyo hiyo siku ya Douglas, huko klabuni, kalenda zikikubali. Wakishamaliza kumtaja mzee wao, na wewe ukipewa nafasi hata ndogo, taja na jina la Shomari, kwa sauti, mara moja. Wakiuliza ni nani, waambie ndiye aliyekufundisha kuendesha bila viatu.

Na mimi, siku hiyo, mnikumbuke.

Dada yako,
Arafa